Vigae Tisa vya Pembeni

Jumatatu, 9 Juni

Chupa tatu za maji ya rangi zimeshinda juu ya ukuta wa maabara tangu saa mbili asubuhi. Rangi haijapungua hata chembe. Ukungu wa Njombe umelala juu ya paa la shule, na mimi nimesimama pale na koti na kofia ya sufu, nasubiri jua lifanye kazi. Jua gani?

Nimeosha mirija ya majaribio ya kidato cha pili. Miwili imevunjika. Likizo ndiyo hii.

Nijiandikie wazi, nisije nikasahau kwa nini nahangaika. Shangazi Velonika amepewa mpaka Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mkutano wa mtaa kule Makambako umesema maji anayomwaga yawe hayana rangi, la sivyo mapipa yake yaondoke. Mapipa yakiondoka kazi imekufa, na yeye hana nyingine. Anapokea suruali na mashati ya mitumba yaliyopauka, anayachemsha kwenye rangi, yanatoka kama ya dukani. Alianza kabla sijaanza shule. Sare zangu zote zilipita kwenye mapipa yale, na ada yangu ilitoka humo humo.

Na mimi, kiherehere, nikamwambia kwenye simu: "Shangazi, usihofu, kemia ya jambo hilo ipo." Sasa kemia iko ukutani inapigwa na ukungu.

Jumanne, 10 Juni

Ukungu. Manyunyu. Chupa zile zile, bluu ile ile. Nimekula viazi vya kuchemsha na parachichi, nikalala mchana. Sina hata aibu.

Alhamisi, 12 Juni

Makambako. Nimekuja na chupa zangu kwenye ndoo, nimezifungia sweta zisigongane. Mwendo wa saa moja tu na uko nchi nyingine. Upepo wa kung'oa kofia, baridi ya kuuma masikio, lakini jua! Jua kali, jeupe, hakuna wingu. Nililisalimia kwa sauti stendi. Kondakta akanitazama vibaya.

Shangazi kanipokea kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, Aneti wangu. Umekonda. Huko mnakula ukungu?" Mikono yake bluu mpaka viwikoni, kama siku zote. Siku ya mahafali yangu alivaa glovu nyeupe kuificha. Jasho likamtoka, glovu nazo zikawa bluu. Picha ninayo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye hodhi. Ni la saruji, refu kama kitanda, kina chake hakifiki hata goti, liko nyuma ya mapipa. Maji machafu hukaa humo, yakijaa humwagikia mferejini. Lilijengwa nikiwa darasa la tatu. Nakumbuka vizuri kwa sababu siku ile nilichapwa kwa kuchezea saruji mbichi. Tangu hapo sijawahi kuona sakafu yake. Wino mtupu, miaka yote.

Halafu bata. Jirani wa bondeni, Mzee Laurenti, ana kabichi na bata weupe sita. Walikuwa weupe. Sasa ni bluu tumboni na bluu zaidi miguuni, na wanatembea kwa majivuno kama wanakwaya siku ya sare mpya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee hakucheka. Ndiye aliyepeleka shauri mtaani. "Mwalimu, nikimpeleka bata sokoni yuko hivi, mnunuzi ananiuliza anaumwa nini. Nimjibu nini?"

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi, angekuwa mkorofi ningelala vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbili za jua kali. Kipimo changu ni cha kimaskini lakini hakidanganyi: nyuma ya kila chupa nimebandika kipande cha kalenda ya zamani. Nikisoma tarehe kupitia maji, rangi imekufa. Chupa ya kwanza ina maji ya hodhi peke yake. Ya pili ina maji na ule unga mweupe wa titani nilioununua kwenye duka la rangi za nyumba. Ya tatu ni sawa na ya pili, ila nimeifunika boksi iwe gizani.

Sijasoma tarehe hata moja. Siku mbili za jua la Makambako, bure.

Nikampigia Josia, niliyesoma naye chuo. Sasa yuko kwenye maabara ya chuo kimoja Mbeya. Akanisikiliza, akacheka kicheko cha mtu anayejua. Unga wa duka la rangi, anasema, ni titani na oksijeni kweli, lakini fuwele zake ni za aina iitwayo rutaili. Tena punje zake zimevishwa koti makusudi, zisije zikala rangi kwenye kuta za watu. Ninachohitaji ni anatesi. Titani ile ile, oksijeni ile ile, punje ndogo zisizoonekana hata kwa hadubini yetu ya shule, ila ndani zimepangwa vingine. "Tofali zile zile, Aneti. Mwashi ndiye mwingine."

Nilifundishwa jambo hili. Nililiandika kwenye mtihani, nikafaulu, nikalisahau. Halafu najiita mwalimu wa kemia.

Jumatano, 18 Juni

Kopo limefika kwa basi la Mbeya. Dogo, kama la mafuta ya kujipaka. Josia kaandika juu kwa kalamu nene: ANATESI. USIMWAGE. USIPIGE CHAFYA.

Shangazi kalishika kwa vidole viwili. "Poda ya mtoto ndiyo itakayoniokoa?"

Leo mawingu. Leo hii! Nimekaa nalo mapajani siku nzima.

Alhamisi, 19 Juni

INAFANYA KAZI.

Saa tatu asubuhi wino. Saa sita, bluu ya kufulia. Saa tisa nimesoma tarehe, nimesoma siku, nimeona mpaka picha ya trekta. Chupa yenye unga wa duka bado wino. Ya maji matupu imepauka kidogo tu. Nikaweka na ya anatesi gizani, nayo wino. Kwa hiyo ni anatesi pamoja na jua, si kimoja peke yake. Nimemkumbatia Shangazi. Nimemkumbatia na mteja aliyekuja kuchukua suruali yake, akaondoka upesi.

Jioni nilijaribu kumweleza Shangazi. Mwanga ukipiga unga ule, unawatenganisha wawili waliokuwa wametulia, tuseme mke na mume. Elektroni inaruka, nyuma yake linabaki pengo. Wakiwa wametengana wana hasira, wanayachokoza maji na hewa iliyo karibu, na ghadhabu hiyo ndiyo inayotafuna rangi. Kwenye rutaili wanapatana upesi mno, jirani hajasikia hata kelele. Kwenye anatesi ugomvi unakawia.

Shangazi akachochea moto, akafikiri. "Kumbe mwanangu unatafuta ndoa mbovu."

Ndiyo, Shangazi. Mbovu kabisa.

Ijumaa, 20 Juni

Furaha imeingia mchanga. Maji hayana rangi, lakini ni meupe kama maji ya kuoshea mchele. Unga umekataa kutua. Umeshinda na kulala humo humo ukielea. Nikimwaga maji, unga unakwenda nayo, kopo litakwisha kwa siku nne, na bata wa Mzee watakuwa weupe kwa sababu mbaya.

Josia anasema niushikize kwenye kitu. Vigae vya udongo vinafaa: paka unga, choma, utang'ang'ania. Kisha akarudia mara tatu kama anaongea na mtoto. Moto mdogo. Kigae kisifike hata kuiva wekundu. Moto ukizidi, zile punje zinavimba, zinajipanga upya, anatesi inakuwa rutaili. Ikishakuwa rutaili hairudi tena, hata ukiililia.

Nimeandika kwenye kiganja: MOTO MDOGO.

Jumatatu, 23 Juni

Njombe tena, na ukungu wake. Nimekwenda kwa Baba Festo, mchoma tofali wa kule bondeni. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zimesimama kwa tofali zake. Kipimajoto hana, ana macho: anachungulia tundu la kuni, anaangalia rangi ya moto, anajua. Nilimfundisha binti yake kemia, leo yuko chuo cha uuguzi, na tangu hapo siwezi kupita kwake bila kupewa viazi vya kuchoma.

Anavyo vigae sitini vilivyobaki kwenye kazi ya paa la mtu. Vyembamba, vimeshachomwa. Kamili. Nikamweleza ninachotaka: nikishavipaka, viwekwe pembeni kabisa mwa tanuru, kule moto hauna nguvu, kule tofali hutoka mbichi na watu hawazitaki. Akanisikiliza amevua kofia.

"Nimekuelewa, Mwalimu. Niachie mimi."

Alivyoinamisha kichwa kwa heshima ile, nilipaswa kushtuka hapo hapo. Sikushtuka. Nilikuwa nakula viazi.

Jumatano, 25 Juni

Nimepaka vigae sitini. Unga, maji, siki kidogo, brashi. Mgongo si wangu. Kopo la Josia liko tupu, nimelisuuza mpaka tone la mwisho. Josia hana jingine mpaka Agosti. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye vigae hivi.

Jumamosi, 28 Juni

Tanuru limewashwa. Tofali zimepangwa, zimekandikwa tope nje, matundu ya kuni yanaunguruma. Nilikaa hapo mchana kutwa kwa ajili ya joto tu. Ndipo mahali pekee penye joto Njombe mwezi huu. Baba Festo hakutaka niuone upande wowote zaidi ya ule wenye kiti.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Tanuru limefunguliwa.

Aliniletea vigae mwenyewe, vimefungwa kwenye kanga ya mkewe, nzuri, ile ya kanisani. Vizuri mno. Vyeupe, vigumu, laini kama sahani za wageni. Ukivigonga vinalia. Nilivisifu kwa moyo wote. Ndipo akafurahi, akasema yote:

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemfikisha binti yangu alipo. Nichukue vigae vyako nikavitupe pembeni na mabichi? Watu wanioneje? Nimeviweka moyoni mwa tanuru. Moto wote umevipata."

Moyoni mwa tanuru.

Kwake pembeni ni mahali pa aibu, sawa na kumkalisha mgeni mlangoni upepo umpige. Mimi nilikuwa naomba moto mdogo, yeye akasikia mwalimu anajishusha. Akakataa nijishushe. Na mimi nikasema asante sana, Baba Festo. Nikatoka, nikakaa chini njiani, kanga mapajani, nikatazama nyasi.

Labda vitafanya kazi hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Havifanyi kazi.

Makambako, jua la kutosha, beseni tatu za maji ya hodhi, vigae ndani. Kutwa nzima. Sikuona hata mstari wa kalenda. Rutaili tupu. Sahani za wageni, basi, tuvilie.

Nina hasira. Na tanuru, na Josia asiye na kopo la pili, na heshima ya watu wa kwetu. Zaidi na mimi. Nilieleza mahali pa kuviweka, sikueleza kwa nini. Kila siku nawapigia kelele wanafunzi: toa sababu, toa sababu. Mzee wa watu nilimpa amri bila sababu, akajaza sababu yake mwenyewe, na ilikuwa sababu ya upendo.

Shangazi kaja na birika. Kanimiminia chai, kaongeza sukari.

Jumatatu, 14 Julai

Shule imefunguliwa wiki iliyopita, na leo silabasi imenileta kwenye almasi na grafaiti. Kaboni ile ile, mpangilio mwingine: moja inakata kioo, nyingine inachora karatasi. Msichana wa mbele akauliza, "Madam, grafaiti inajua kwamba ingeweza kuwa almasi?" Darasa likacheka. Mimi nikageukia ubao, nikawapa zoezi.

Shangazi amepiga simu. Anasema mapipa yakiondoka ataanza kupika maandazi. Shangazi hajui kupika maandazi. Analijua hilo, nami nalijua.

Siku kumi na mbili.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kumrudishia mama Festo kanga yake. Nilikusudia kumweleza Baba Festo ukweli taratibu, bila lawama. Nikamchorea chini kwa kijiti: mpangilio huu unakula rangi, moto ukizidi unakuwa mpangilio huu, hauli kitu. Alielewa upesi kuliko kidato cha pili. Akakaa kwenye tofali. Akashika kichwa.

"Kwa hiyo nimeviua."

Nikasema hapana, nilikosea mimi kutoeleza. Kweli nilimaanisha. Nikamwambia havikuwa vingi, hamsini na kimoja tu nilivyobeba. Nikasikia nilichosema. Hamsini na kimoja? Nilipaka sitini.

Baba Festo akatazama pembeni. Mtu mzima na ndevu zake, kama mwanafunzi aliyevunja mrija. Tisa havikuenea moyoni, anasema. Akalazimika kuvichomeka pembeni, nyuma ya tope. Vilitoka vibaya, vimefubaa, vina masizi. Aliona haya kunipa. Alitaka kwanza anitafutie vingine vya kufidia.

Viko wapi?

Banda la kuku. Amevitandika chini ya sufuria la maji ya kuku.

Sijawahi kukimbia hivyo tangu mbio za shule ya msingi. Kuku wamenidonoa, wamenitia vinyesi. Nimevipata vyote tisa. Vibaya kweli. Nimevikumbatia njia nzima.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeviosha kwa maji na brashi laini mara nne. Weupe haukutoka. Umeshika. Sisemi kitu zaidi ya hapo, naogopa.

Jumamosi, 19 Julai

Saa nane mchana, tarehe, siku, trekta, na jina la duka lililotoa kalenda. Kwa vigae tisa vya banda la kuku. Na maji ni maangavu, si ya mchele, kwa sababu unga haujabanduka.

Shangazi alichovya kidole, akakiangalia. Kidole chenyewe ni bluu, haikusaidia. Tukacheka mpaka majirani wakatoka.

Josia ameshangaa. Anasema unga ulioshikizwa kwa kawaida huwa mvivu kuliko unaoelea, na hivi vyangu havikuachwa nyuma. Anahisi moto wa pembeni uligeuza punje chache tu kuwa rutaili, nyingi zikabaki anatesi, zimekaa bega kwa bega. Elektroni na pengo wakigombana sasa, mmoja anakimbilia upande wa pili. Mke kwao, mume kwake. Kupatana kunachukua muda, na rangi inaliwa muda wote huo. Anataka nimpelekee kipande akipime kwa mashine kabla hajaapa. Nitampelekea. Kiapo chake nakihitaji, ila si leo.

Jumamosi, 26 Julai

Siku yenyewe.

Wamekuja mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni mama mwenye sauti ya kengele, na wajumbe watatu, na watu wote ambao hawakualikwa. Nilikuwa nimetayarisha karai la maji yaliyokaa na vigae tangu jana asubuhi. Nikaonyesha kalenda. Wajumbe wakatikisa vichwa, wameridhika.

Mzee Laurenti hakuridhika. "Kalenda haiogelei," akasema. Akafunua kapu. Bata. Mweupe pe, mgeni, kaazima kwa shemeji yake maalum kwa shughuli hii. Akamweka karaini.

Saa nzima, watu thelathini tumesimama kwenye upepo tunamtazama bata. Bata akanywa. Akajinyunyizia. Akazamisha kichwa, akageuza mkia juu, akafanya na haja yake bila kujali kikao. Shangazi alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha Mzee akamtoa, akamfuta kwa shati lake mwenyewe, la bluu-bahari, akamgeuza tumbo juu mbele ya mwenyekiti. Akamkagua miguu. Akamkagua chini ya mabawa.

Mweupe.

Sijui nani alianza vigelegele. Nadhani ni mimi.

Nikasimama kusema ukweli wote, maana sitaki ndugu zangu wadanganyike na uangavu: rangi imekufa, lakini chumvi na magadi anayotia Shangazi kwenye rangi bado yamo, jua haliyali hayo. Maji yaende kwenye mikaratusi kule nyuma, yasiende kwenye kabichi. Mwenyekiti akaandika. Kazi inaendelea, vigae viongezwe viweze kutosha hodhi zima, na mpaka hapo Shangazi asichemshe zaidi ya anachoweza kusafisha.

"Na wale wangu sita?" akauliza Mzee.

"Watanyonyoka, shemeji," Shangazi akamjibu. "Wataota mengine." Tangu lini Mzee Laurenti ni shemeji yake, sijui. Ila alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Juni, mzee yule alicheka.

Jumapili, 3 Agosti

Kopo la pili lilifika juzi, kubwa. Josia kaandika: MOTO MDOGO!!!

Jana nilipaka vigae vipya nikampelekea Baba Festo, safari hii na sababu. Hakuhitaji. Amewaeleza tayari vijana wake wote habari za mpangilio, na amekwishawapangia kazi. Leo nimemkuta anachomeka vigae pembeni, kimoja kimoja, uso umekunjamana. "Nimevivunjia heshima kama ulivyoagiza, Mwalimu," akasema. "Lakini naumia."

Jumapili, 24 Agosti

Nimetoka Njombe mapema, nikawahi ibada na Shangazi hapa Makambako. Alivaa kitenge chake cha zambarau. Mikono bluu, hakuificha.

Vigae viko hodhini leo siku ya nne. Tope la zamani tulilikwangua kwa koleo wiki iliyopita, na sakafu ilibaki nyeusi, nikasema haitatakata kamwe. Mchana nilikwenda kuangalia peke yangu. Upepo ulikuwa umetulia. Maji yalisimama kama hayapo. Sakafu imepauka, kijivu, saruji ya kawaida, na kwenye kona, karibu na mahali pa kutolea maji, kuna mistari iliyochorwa kwa msumari. Rangi ya zamani imebaki ndani ya mistari tu. Nilichutama nisome.

ANETI DRS LA 3

Siku aliyonichapa, Shangazi aliniambia amelifuta jina langu kwa mwiko saruji haijakauka. Nililia zaidi kwa kufutwa kuliko kwa fimbo. Na maji ya rangi yalifunika siku iliyofuata, yakafunika miaka yote ya shule yangu.

Sikumsikia akija. Alisimama nyuma yangu na taulo.

"Saruji ilikuwa imeshashika," akasema. Kisha: "Chai inapoa."

Nilisoma tena mara moja. Halafu nikaingia ndani kunywa chai, na baadaye nikamsaidia kuanika suruali.